Somo: Kupima mmomonyoko wa kale kwa berili-10 iliyomo kwenye mchanga

Kigingi ukikichomeka shambani kitakuambia udongo uliopotea tangu siku ulipokichomeka, basi. Ukitaka kujua kilima kilikuwa kikipungua kwa kasi gani kabla ya jembe la kwanza kufika, uulize mchanga wa mtoni.

Miale kutoka anga za mbali huipiga ardhi bila kukoma. Nyutroni, chembe ndogo zinazotokana na miale hiyo, zikiigonga oksijeni iliyo ndani ya kwatzi (madini magumu yaliyo mengi kwenye mchanga) huivunja, na mara nyingine kinachobaki ni atomi ya berili-10, aina adimu ya berili inayooza polepole. Katika usawa wa bahari, mbali na ikweta, gramu moja ya kwatzi hupata atomi 4 hivi kwa mwaka. Milimani hupata zaidi, maana hewa ya kuikinga ni kidogo. Ukishuka sentimita 60 ndani ya mwamba, uzalishaji hubaki kama theluthi moja tu. Basi kilima kinachomomonyoka haraka hutoa punje zenye atomi chache, na kinachokwenda polepole hutoa punje zilizojaa.

Hatua ya 1. Chota kilo moja au mbili za mchanga mtoni. Mto umeshakuchanganyia punje za bonde zima lililo juu yako. Epuka tu mahali palipo chini ya maporomoko mapya ya udongo.

Hatua ya 2. Chekecha, ubaki na punje za milimita 0.25 hadi 0.5. Toa zinazovutwa na sumaku, kisha osha kwa asidi ya haidrofloriki iliyozimuliwa, mara kadhaa. Usiharakishe hapa. Mvua nayo huleta berili-10 inayoganda juu ya punje. Ukiiacha, mmomonyoko utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Na asidi hii si ya mchezo: hupenya ngozi hadi mfupani, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla hujafungua chupa.

Hatua ya 3. Ongeza kiasi unachokijua cha berili-9, yaani berili ya kawaida, yeyusha kwatzi, tenganisha berili, ichome iwe oksidi, upeleke kwenye mashine ya kuhesabu atomi. Peleka pia sampuli tupu, yaani isiyo na kwatzi, uone berili-10 iliyoingia kwa bahati mbaya maabarani.

Hatua ya 4. Gawanya idadi ya atomi kwa uzalishaji wa mwaka. Ukipata atomi 100,000 kwa gramu, na uzalishaji ni atomi 5, jibu ni miaka 20,000. Huo ndio muda wa kuondoka sentimita 60 za mwamba, yaani milimita 30 kila miaka 1,000. Uzalishaji uwe wastani wa bonde lote. Mimi mwanzoni nilitumia mwinuko wa pale nilipochotea, nikapata kilima kisichomomonyoka!

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nitajua shamba limepoteza kiasi gani miaka 20 hii?*

Hapana, ndugu. Huu ni wastani wa maelfu ya miaka. Kwa miongo ya karibuni tumia sesiamu-137, kitu chenye mionzi kilichoganda kwenye udongo, iliyotapakazwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele mwaka 1963. Kisha weka namba mbili hizo pamoja. Tofauti yake ndiyo habari.

*Kwetu ni mawe ya chokaa matupu, kwatzi hakuna. Tufanyeje?*

Tumieni klorini-36, inayozaliwa kutokana na kalsiamu ya chokaa yenyewe.

*Na mchanga uliofukiwa pangoni zamani, unatoa tarehe?*

Ndiyo, ukipima na alumini-26. Juu ya ardhi huzaliwa karibu mara 7 ya berili-10. Mchanga ukifukiwa kwa kina uzalishaji hukoma, na alumini huisha upesi zaidi: nusumaisha yake (muda wa nusu ya atomi kuoza) ni miaka 700,000 hivi, ya berili ni milioni 1.39. Uwiano uliobaki hutoa umri wa kufukiwa. Ukiujua umri huo, unarudisha berili iliyooza na kupata mmomonyoko wa wakati ule.

*Samahani mwalimu, mchanga wangu umekaa kabatini miaka 3. Bado unafaa?*

Unafaa kabisa. Ila angalia kibandiko: kama mahali ulipochotwa hapajaandikwa, rudi mtoni.