Hita ya bafuni inavuja na maji ya moto yanakuja yakijisikia: anzia hapa

Shemeji yangu wa Arusha alinipigia: "Shemeji, hita inadondosha usiku kucha, na maji ya moto yanakuja yakijisikia." Ni ile ya umeme ya lita 80 inayofungwa ukutani, wengine huiita boila. Julai Arusha humwambii mtu aoge maji ya bomba, nikabeba spana zangu nikaenda.

1. Zima umeme. Uzimie kwenye sakiti breka, usiishie kwenye swichi ya bafuni. Fungua mfuniko, hakikisha kwa tesita, subiri maji yapoe.

2. Jua maji yanatoka wapi. Usishike spana kabla ya hapa. Mimi kwangu nilishapoteza siku nzima. Matone yalidondoka katikati, chini ya mfuniko wa plastiki, nikaapa ni mpira wa flenji, yaani kile kifuniko cha chuma kinachoshika koili ya kuchemshia maji. Nikamwaga maji yote, nikabadilisha mpira, nikajaza. Tone. Nikakaza nati. Tone. Kumbe maji yalitoka kwenye maungio ya bomba la moto, yakatambaa chini ya tumbo la hita hadi kwenye mfuniko, ndipo yakadondoka.

Siku hizi nafuta kila kitu kikauke, kisha nazungushia toilet pepa kila ungio peke yake: bomba la baridi, bomba la moto, ukingo wa flenji, mdomo wa sefti valvu (ile ya kutoa maji presha ikizidi). Nusu saa hita ikiwa baridi. Inayoloa kwanza ndiyo mwizi. Zote zikibaki kavu, rudisha mfuniko, washa, uangalie tena bila kugusa, maana kuna maungio yanayovuja yakipata moto tu.

Ikiloa ya sefti valvu peke yake, na wakati wa kuchemsha tu, acha. Maji yakipashwa hutanuka: lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 huzidi kwa lita moja na ushee. Valvu hairuhusu yarudi kwenye bomba la baridi, kwa hiyo presha ikifika kiwango chake (nyingi huandikwa MPa 0.8, yaani bar 8) inatema. Ndiyo kazi yake. Ikidondosha hata hita ikiwa baridi, nyanyua kishikio chake mara kadhaa kutoa mchanga. Isipokoma, nunua nyingine. Na kama unatumia simtank, usisingizie presha ya maji: mnara wa mita 6 hauzidi bar 0.6.

Tafadhali usizibe kile kitundu cha valvu. Kwa shemeji nilikuta fundi aliyenitangulia amekipigilia kijiti kilichoviringishwa nailoni. Thermostati, kile kifaa cha kukata umeme maji yakishapata moto, ikigoma kukata na valvu imezibwa, umetundika bomu juu ya kichwa cha mtoto anayeoga.

Kama maji yanachuruzika kutoka ndani ya bodi yakiwa na rangi ya kutu, tangi limetoboka. Asikudanganye mtu wa kuchomelea. Nunua hita.

3. Fungua flenji. Kama uliwasha, rudia kwanza hatua ya 1. Funga koki ya kuingiza, fungua bomba la moto lipate hewa, mwaga maji, legeza nati. Koili ya shemeji ilikuwa imevaa jiwe jeupe nene kama muhogo. Ndiyo sababu ya maji kujisikia: joto linanaswa kwenye jiwe, koili inapata moto kupita kiasi, thermostati inakata tangi likiwa bado vuguvugu. Loweka kwenye siki, usigonge kwa nyundo. Fimbo ya magnesi ikibaki waya tu, weka mpya. Hiyo ndiyo huliwa na kutu badala ya tangi. Mpira wa flenji uwe mpya kila unapofungua. Silikoni sitaki hata kuisikia, na kwenye maungio natumia tepu nyeupe. Wanaofunga maungio kwa katani na rangi waendelee na yao.

4. Pima koili kwa multimita. Ya wati 2000 kwenye volti 230 husoma omu 26 hivi, ya 1500 kama 35. Isiposoma kitu, imekufa. Ikisoma kati ya pini na bodi, ina shoti, itupe.

5. Jaza kwanza, umeme baadaye. Bomba la moto litakohoa hewa. Subiri litiririke vizuri. Koili ikiwashwa kavu inaungua.

Thermostati nimeiacha kwenye nyuzi 60. Jioni karatasi za shemeji zilikuwa kavu zote isipokuwa ya sefti valvu, na hiyo tumeiwekea kimpira chembamba hadi kwenye tundu la sakafuni.