Kuchimba boma la Vita vya Kwanza vya Dunia, Taita-Taveta, Kenya: anza na jalala

Kabla ya jembe, leseni. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 haimruhusu mtu kujichimbia mabaki ya kale. Ukishaipata, kaa na mwenye shamba na wazee wa pale. Mara nyingi wao ndio wanaojua mawe ya ukuta yalikwenda kujenga nini.

Wageni hukimbilia ukuta. Mimi huanza na jalala na uwanja wa nje, kwa sababu wapagazi wetu waliobeba vita hivi mgongoni wengi hawakuandikwa majina popote. Jiko la mawe matatu, majivu na mifupa ya chakula ndivyo vitakavyowasemea.

Gawa eneo kwa vigingi na uzi, mraba wa mita moja kwa moja. Shika mwiko, ukwangue kidogo kidogo, na udongo wote upite kwenye chekeche. Tabaka lenyewe ni jembamba: Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Machi 1916 mapigano yakavuka mpaka. Pigo moja la jembe linaweza kuimaliza miaka yote hiyo. Udongo ukibadilika rangi, simama, piga picha, andika kina.

Ganda la risasi likijitokeza, liache lilivyolala mpaka lipimwe. Kisha lipanguse kwa brashi laini, bila siki wala mchanga, usome herufi zilizogongwa kitakoni. K ni Kynoch wa Birmingham; KF ni kiwanda cha Kirkee, India. Ganda nene la milimita 11 ni la Mauser ya 1871, bunduki ya moshi mwingi ambayo askari wengi wa Wajerumani waliingia nayo vitani. Hata hivyo, ganda la Kiingereza pekee halithibitishi kwamba aliyefyatua alikuwa upande wa Waingereza: Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka bunduki na risasi nyingi zao. Lililokuwa wapi, ndani ya ukuta au nje, na pamoja na nini, ndiyo hoja. Ndiyo maana anayeokota na kutia mfukoni ananiuma sana.

Ukikuta kombora au bomu, usiliguse. Ondoa watu, weka alama, ita polisi.

Mwisho tandika turubai juu ya ulichofichua, urudishe udongo na kuushindilia kabla ya masika.