Mbegu za bunya: kutoka chini ya mti hadi sufuriani

Bunya ni mti mkubwa unaozaa koni, yaani matunda makubwa ya magamba yenye mbegu za kuliwa ndani. Msimu wake hapa Queensland, Australia, huanza karibu na Krismasi na kuishia Machi. Mti huzaa sana takriban kila miaka mitatu. Jirani amepata koni na hajui aanzie wapi, kwa hiyo nimeandika tulivyofanya.

1. Okota
Koni hudondoka yenyewe, na yaweza kufika kilo 10. Usisimame chini ya mti. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Bunya Mountains hakuna kuokota, na katazo hilo naliunga mkono kabisa, kwa historia ya miti hii. Zamani, mavuno yalipokuwa makubwa, Wakka Wakka, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na jirani zao waliita watu kutoka mbali waje wale, waoane, wabadilishane mali na kuamua kesi. Miti mingine ilikuwa ya familia, ikirithiwa. Mwaka 1842 Gipps, gavana wa koloni la Waingereza, alipiga marufuku kuikata. Mwaka 1860 marufuku ikafutwa, wapasua mbao wakaingia, na wenyeji wakaja kuhamishwa kwa nguvu.

2. Fungua koni
Iache siku chache, itaachia. Vaa glavu, ina utomvu.

3. Menya
Hapa ndipo watu hukata tamaa. Ganda ni gumu kama ubao. Nyundo siitaki: mbegu huruka na kiini hupondeka. Kisu cha jikoni ndicho kibaya zaidi, kinateleza na kukufuata vidole. Tumia mkasi wa kupogolea miti, uliooshwa vizuri.

Kwanza chemsha mbegu nzima kwenye maji ya chumvi kwa nusu saa. Zilizokaa muda mrefu ziongezee robo saa. Usizimwage zote kwenye chujio! Ganda likipoa hukaza tena, kwa hiyo toa tatu au nne tu, nyingine zibaki kwenye maji ya moto. Shika mbegu kwa kitambaa, kata ncha iliyochongoka, kisha pasua kwa urefu. Katikati ya kiini kuna kijiti, ndicho chipukizi. Kikiwa kichungu, kitoe. Yenye ukungu tupa.

Ukipenda kuchoma, chana ganda kabla ya kuweka motoni, la sivyo mvuke utailipua mbegu.

4. Pika
Kiini kina wanga mwingi. Mimi hukiunga kwa tui la nazi, kitunguu na pilipili, kama mbatata. Vinavyobaki weka kwenye friza vikiwa vimeshamenywa.