Jinsi ya kumnasa ng'ombe mbebaji wa kudumu wa BVD

Kundi zima limepimwa kingamwili (protini za damu zinazopambana na virusi) za BVD, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe. Ng'ombe karibu wote wanazo, ila mmoja hana kabisa. Wengi wakiona jibu hilo humhesabu huyo mmoja kuwa ndiye msafi, wakamwacha alale zizini na mitamba wenye mimba. Mara nyingi ndiye anayewaambukiza wengine wote. Hana kingamwili kwa sababu mwili wake haukuwahi kuvitambua virusi kuwa ni wageni.

BVD ni ugonjwa wa virusi wa ng'ombe ulioelezwa kwanza mwaka 1946 katika jimbo la New York, Marekani. Virusi vyake ni ndugu wa vile vya homa ya nguruwe (si ile ya Afrika). Tafsiri ya jina lake ni kuhara kwa virusi, nalo jina hilo limepotosha wengi: ng'ombe mkubwa akiambukizwa huweza kupata homa kidogo, akapunguza maziwa, akapona ndani ya wiki 2 au 3 bila mtu kujua. Hasara kubwa iko tumboni: mimba kutupwa, ng'ombe kurudi kwenye joto mara kwa mara, na ndama anayezaliwa na virusi visivyomtoka hadi kufa, ambaye ndiye huitwa mbebaji wa kudumu.

Virusi vinavyozima king'ora

Seli ya kawaida ikivamiwa, vihisi vyake huishtukia RNA ngeni (maandishi ya urithi ya virusi) na kuiamsha protini iitwayo IRF3. Hiyo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za interferoni, ambayo hutoka nje kuzitahadharisha seli jirani zifunge milango mapema. Hii ndiyo kinga ya asili, inayofanya kazi kabla hata kingamwili hazijaanza kutengenezwa.

Virusi vya BVD huukata mfululizo huo mahali pawili. Protini yao ya kwanza kutengenezwa, Npro, hujikata yenyewe kutoka kwa wenzake, ikaishika IRF3 na kuisukumia kwenye mtambo wa seli wa kusaga protini zilizokwisha kazi. Jeni za interferoni zinabaki bila wa kuziwasha. Protini ya pili, Erns, hukaa kwenye ganda la virusi lakini pia humwagwa nje ya seli. Ni kimeng'enya cha kukata RNA, kwa hiyo RNA inayovuja kutoka seli zilizoambukizwa hukatwakatwa kabla haijawashtua majirani. Tena, virusi hivi viko aina mbili, inayoua seli na isiyoua; isiyoua huzaliana kwa kiasi, bila fujo. Maabara zinazootesha seli kwa seramu ya ndama wa tumboni zimelijua hilo kwa uchungu: seramu iliyochafuliwa na BVD huingiza virusi kwenye seli, nazo zikaendelea kuonekana na afya nzuri.

Kwa ng'ombe mkubwa mbinu hizi hazitoshi. Baadhi ya seli zake za damu bado hutoa interferoni, kisha kingamwili zinafuata na virusi vinafagiliwa. Ndama wa tumboni hana akiba hiyo. Mama akiambukizwa mimba ikiwa na siku 40 hadi 120 hivi, virusi huingia kimya kimya wakati mwili wa kijusi bado unajifunza kilicho chake na kisicho chake, na vinaandikwa kama sehemu ya mwili. Aina inayoua seli haiwezi kumfanya ndama mbebaji wa namna hii. Maambukizi ya baadaye kidogo, kati ya siku 100 na 150, yanaweza kuzaa ndama mwenye kasoro za ubongo mdogo au macho, asiyeweza kusimama sawasawa. Baada ya hapo ndama hutengeneza kingamwili mwenyewe na kwa kawaida huzaliwa mzima.

Kupima

Anza na ndama. Mama aliye mbebaji wa kudumu huzaa mbebaji kila mara, kwa hiyo ndama akionekana hana virusi, mama yake naye amethibitika si mbebaji bila kulipia kipimo chake. Ndama akiwa navyo, mpime na mama. Baada ya ndama, wapime wasio na mtoto wa kuwasemea: madume, mitamba, ng'ombe tasa, na yeyote ambaye ndama wake alikufa au aliuzwa kabla ya kupimwa.

Sampuli nzuri ni kipande cha ngozi ya sikio cha takriban sentimita 1, kinachopimwa antijeni (kipande cha virusi vyenyewe) ya Erns kwa ELISA, kipimo cha maabara cha kunasa protini, au virusi kwa PCR, kipimo cha kunasa RNA yao. Ayalandi, tangu 2013, sheria inataka kila ndama apimwe hivyo, na kipande chenyewe hukatwa na hereni wakati wa kuivalisha. Usipokuwa na hereni hizo, tumia koleo la kukatia alama za masikio. Weka kila kipande kwenye kichupa chake kikavu, andika namba ya mnyama kabla ya kukata na si baada, hifadhi kwenye friji ya nyuzi 4 na ufikishe maabara ndani ya siku chache. Uliza maabara mapema wanapima nini: antijeni au kingamwili. Ukipeleka bila kuuliza unaweza kulipia kipimo kisichokusaidia.

Koleo lioshwe kwa maji na dawa kati ya mnyama na mnyama, kisha lisuuzwe. Damu kidogo ya mbebaji inatosha kumchafua anayefuata kwenye PCR, na utamchinja asiye na kosa.

Kosa jingine la kawaida ni kumpima ndama mchanga kwa ELISA ya damu. Dang'a aliyonyonya imejaa kingamwili za mama, nazo hufunika antijeni hadi jibu linatoka halina virusi. Chini ya miezi 3 tumia ngozi, au PCR.

Jibu likitoka ana virusi, mtenge, halafu rudia kwa damu baada ya wiki 3 au 4. Aliyeambukizwa kwa muda atakuwa amevisafisha. Mbebaji wa kudumu atatoka vilevile. Wakati wa kusubiri asikaribiane na ng'ombe wenye mimba hata kwa kugusana pua.

Kumtoa

Mbebaji hatibiki, na chanjo haimbadilishi. Wengi hufa kabla ya miaka 2, baadhi baada ya virusi vyao kugeuka kuwa aina inayoua seli: mdomo unajaa vidonda, kuhara kunakuwa kwa damu, anakwisha kwa siku chache hadi wiki kadhaa. Wazee walioona sotoka, tauni ya ng'ombe iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, wangeweza kudhani imerudi. Lakini wapo wabebaji wanaonenepa na kuzaa, na hao ndio wa hatari zaidi. Apelekwe machinjioni. Kumuuza mnadani ni kumhamishia jirani tatizo. BVD haiambukizi binadamu.

Virusi vyenyewe ni dhaifu nje ya mwili. Dawa za kawaida za kuulia vijidudu huviua. Mbali na kugusana na mbebaji, vinaweza pia kusafiri kwa sindano iliyorudiwa, glovu ya kupimia mimba na kishikio cha pua kisichooshwa. Chanjo iliyouawa huhitaji dozi 2 zilizopishana wiki 3 hadi 4, na ya pili iishe kabla ya kupandisha.

Ukinunua mtamba mwenye mimba, kipimo chake kikiwa safi hakisemi lolote kuhusu ndama aliye tumboni. Mtenge hadi azae, umpime ndama siku hiyohiyo. Na hata baada ya mbebaji wa mwisho kutolewa, endelea kupima kila ndama anayezaliwa kwa mwaka mmoja, kwa sababu alipokuwa zizini baadhi ya mimba zilikuwa kwenye siku zile 40 hadi 120.