Kurekebisha visu vya aisoleta ya kilovoti 33 kabla ya kuwasha laini

Aisoleta ni swichi ya kutenganisha laini: kisu chake huingia kwenye taya inayokazwa na springi. Kisu kisipokamatwa vizuri na taya, mahali pale hupata moto mzigo ukipanda. Moto hulegeza springi, mguso unazidi kuwa hafifu, na mwisho taya inaungua. Maelezo haya ni ya aisoleta ya fezi tatu inayofungwa nguzoni na kuendeshwa kwa mkono kutoka chini, kama zile za laini za kilovoti 33 huku Tabora.

1. Athi (unganisha laini na ardhi) pande zote mbili. Kibali cha kazi kikishatoka, kwanza pima kila fezi kwa kipima umeme ulichokijaribu kabla, na ukijaribu tena baada ya kupima. Aisoleta ikiwa wazi, athi ya upande mmoja haikulindi na umeme unaotoka upande wa pili.

2. Nyoosha vikombe kwanza, yaani vihami umeme vinavyobeba visu na taya. Weka pimamaji kwenye fremu, kisha hakikisha vikombe vyote vimesimama wima. Kisu kikiingia upande, legeza boliti za kikombe na uweke washa (pete bapa ya chuma) nyembamba chini yake. Usikipinde kisu wala usikigonge kwa nyundo. Kisu kilichopinda hugusa taya kwa ukingo tu, hata kama kwa macho kinaonekana kimeingia sawasawa.

3. Safisha. Tumia kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti. Uso uliopakwa fedha usiguswe na msasa wala tupa, maana tabaka lake ni jembamba sana.

4. Kina cha kuingia. Funga polepole. Kisu kiishie milimita 3 hadi 5 kabla ya kugonga kitako cha taya, isipokuwa kama karatasi ya mtengenezaji inasema vingine. Kikigonga, kishindo kinaishia kwenye kikombe na kinaweza kukipasua. Rekebisha kwa urefu wa bomba la kuendeshea.

5. Mguso wenyewe. Hapa usiwe na haraka. Chukua ukanda wa chuma wenye unene wa milimita 0.05 na upana wa milimita 10, ujaribu kuupenyeza kati ya kisu na taya, pande zote mbili. Kwa mguso wa mstari (kisu na taya hugusana kwenye mstari mwembamba) usiingie kabisa. Kwa mguso bapa (hugusana uso kwa uso) usiingie zaidi ya milimita 5 hivi. Ukipenya upande mmoja tu, rudi hatua ya 2. Ukipenya pande zote, kagua springi: iliyolegea au yenye rangi ya kuungua ibadilishwe. Kuikaza zaidi hakuirudishii nguvu.

6. Fezi ziguse pamoja. Funga polepole hadi kisu cha kwanza kiguse, simama, pima kwa rula nafasi iliyobaki kwenye vingine viwili. Tofauti ikizidi kiwango cha mtengenezaji, zungusha ncha zenye hesi za chuma kinachounganisha fezi, nusu mzunguko kwa kila jaribio, kisha kaza nati ya kufungia.

7. Pima ukinzani. Pitisha ampea 100 za mkondo mnyoofu (DC), ulinganishe ukinzani wa fezi tatu. Iliyo juu kuliko wenzake ina uchafu au mguso mbaya.

Paka mafuta ya mgando kidogo sana. Vumbi la kiangazi, kuanzia Mei, hunata kwenye mafuta mengi, na mvua za Novemba zikianza linageuka tope kwenye taya.

Mwisho, unganisha jampa (nyaya fupi za kuunganisha laini na aisoleta) zikiwa na ulegevu wa kutosha, fungua na funga mara tano, halafu rudia hatua ya 4 hadi ya 6. Jampa iliyokazwa sana huvuta kikombe na kuharibu marekebisho yote.