Kugombea ubunge: namna ya kubeba kero za mtaani na mambo ya taifa kwa mdomo mmoja

Uchaguzi ukikaribia lazima kuna mtu atanipigia, kaka nataka kugombea, nianzie wapi, na nikimuuliza unataka kuongelea nini anafunguka vizuri tu, katiba, ajira za vijana, rushwa, deni la taifa, nusu saa nzima hajameza mate, halafu namuuliza kituo cha afya cha kwenu kina wahudumu wangapi, kimya. Au anakuja yule wa upande wa pili ambaye anajua kila shimo la kila barabara ya jimbo ila ukimuuliza ukifika bungeni utayafanyia nini hayo mashimo anakujibu "nitapambana". Hawa wawili wana ugonjwa mmoja. Mimi nimebeba mikoba ya wagombea kampeni tatu, mbili tukapigwa, moja tukashinda kwa mbinde, kwa hiyo mengi ya humu nimeyajua baada ya kuumia.

Ishu yenyewe ni kwamba mpiga kura hagawi shida zake, hizi za mtaa hizi za taifa. Ana bomba halitoi maji, basi. Wewe ndo unatakiwa ulifuate hilo bomba kuanzia lilipokauka mpaka kwenye meza ambako watu walikaa wakaamua hela isije, umwonyeshe kwamba kiti unachoomba kipo kwenye meza hiyo. Ukishindwa kumwonyesha hiyo njia ataona unaongea maneno makubwa tu, na ukibaki na bomba peke yake atakuuliza kwa nini usigombee udiwani.

Kwa hiyo kabla hujachapisha hata bango moja kaa chini ujue mbunge anaruhusiwa kufanya nini. Sitanii, wengi hawajui. Kenya kwa mfano, tangu katiba ya 2010 zahanati na hospitali za kawaida ziko chini ya kaunti, serikali kuu imebaki na zile kubwa za rufaa, sasa mgombea ubunge akisimama jukwaani akasema nitawajengea zahanati anaomba kazi ya gavana bila kujijua. Tanzania barabara kuu na za mikoa ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za wilaya zikaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuanzia 2017, na ukimkuta mzee anayejua hiyo tofauti wakati wewe huijui utatamani ardhi ipasuke. Kila nchi ina mgawanyo wake, tafuta wa kwenu uuandike karatasi moja: maji nani, barabara nani, walimu nani anaajiri, polisi nani anawaamrisha. Karatasi hiyo ukae nayo mfukoni.

Na kuna hili ambalo wagombea hawapendi kulisikia: kwenye mabunge mengi yaliyofuata mtindo wa Westminster, yaani wa bunge la Uingereza, mbunge wa kawaida hawezi kuamka asubuhi akapeleka muswada wake wa kutoza kodi au kutumia hela ya serikali, hayo yanapitia serikalini au kwa utaratibu maalum. Wewe unabaki na swali, hoja, kamati, na kura yako siku ya bajeti. Sio vidogo. Mbunge aliyeingia kwenye kamati akiwa amesoma ripoti ya mkaguzi mkuu ukurasa kwa ukurasa anaogopwa kuliko anayegonga meza. Hizo ripoti wala sio siri, na nchi nyingi zinataja halmashauri au kaunti kwa jina, kwa hiyo chukua za miaka mitatu ya nyuma utafute ya kwenu imeandikwaje. Wapinzani wako wengi hawatasoma, utakuwa na silaha ya bure.

Haya, sasa daftari. Miezi kadhaa kabla ya kampeni zungukia jimbo bila spika, bila fulana, watu wawili watatu tu, na uulize. Ila usiulize "kero zenu ni zipi" manake swali hilo watu wameshakariri jibu lake, maji, barabara, umeme, ajira, utarudi nyumbani na orodha ambayo hata ungekaa sebuleni ungeiandika. Uliza "wiki hii umehangaika na nini?" Hapo ndo utasikia vitu. Na andika maneno yao kama walivyoyasema, usiyageuze kuwa lugha ya ripoti.

Nakumbuka mlango mmoja hivi. Mgombea wangu alikuwa ameshaandaa hotuba nzima ya uhaba wa dawa, ana hasira nayo, ameifanyia mazoezi. Tukamkuta mama mmoja anachambua mboga, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa, halafu akamwambia, "Mwanangu, dawa zipo. Mwenye kuzitoa ndo hayupo." Kumbe mtoa dawa alihamishwa, hakuletwa mwingine, dirisha linafunguliwa siku mbili kwa wiki na nesi mmoja ambaye siku hizo anaacha kliniki ya watoto. Dawa zinakaa stoo mpaka zinapitwa na muda. Tulitoka pale tumenyamaza wote, kwenye gari mgombea akachana ile hotuba, akaandika sentensi ya yule mama juu ya ukurasa mpya, akaizungushia duara.

Sasa angalia ile sentensi inakupeleka wapi. Kwa nini hakuletwa mwingine? Kwa sababu hakuna kibali cha kuajiri. Kibali hakuna kwa nini? Kwa sababu fungu la mishahara halikutosha. Nani anapitisha fungu la mishahara? Bunge. Na kwa nini fungu ni dogo? Hapo ndo deni la taifa linaingia, kwa sababu hela ya kulipa deni inatoka kwanza na wengine wanagawana kinachobaki. Umeona, umeanzia dirishani kwenye kituo cha afya umefika kwenye deni la taifa na hakuna aliyesinzia. Ukianzia kwenye deni hawatakufuata mpaka dirishani, nimejaribu, watu wanaanza kuangalia simu.

Hotuba zetu tulizifumua zote kwa mtindo huo. Mwanzoni alikuwa anasema: "Ndugu wananchi, serikali hii imekopa kupita kiasi na uchumi wetu uko hatarini." Ikawa: "Pale kituoni dawa zipo, mtoaji hayupo. Dirisha linafunguliwa mara mbili kwa wiki. Mkinipeleka bungeni, bajeti ya kwanza nitakayoikuta nitasimama nimuulize waziri, mtoa dawa wa kwetu yuko kwenye fungu lipi, na asipokuwepo sitaliunga mkono hilo fungu." Dakika moja. Halafu ndo unapanda kwenye deni, unaeleza kidogo, unarudi tena dirishani unamalizia hapo. Dakika saba zinatosha, mgombea anayeongea saa nzima anajiburudisha mwenyewe. Na ujue ratiba pia, Kenya, Uganda na Tanzania bajeti inasomwa Juni na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ukisema "bajeti ya kwanza nitakayoikuta" uwe unajua ni ya mwezi gani, atatokea kijana atakuuliza.

Kuna mfano mmoja wa Uingereza naupenda. 2001 daktari mstaafu anaitwa Richard Taylor aligombea jimbo la Wyre Forest, hana chama kikubwa nyuma yake, hoja yake moja, hospitali ya Kidderminster imepunguziwa huduma na idara ya dharura imefungwa. Akamwangusha mbunge aliyekuwepo, tena naibu waziri wa serikali iliyokuwa inashinda nchi nzima, kwa tofauti ya kura zaidi ya 17,000. Watu wanasema ilikuwa kampeni ya mtaani tu. Sikubali. Kufungwa kwa idara ya hospitali ni sera ya afya ya taifa imekuja kugonga mlangoni kwako, yeye akaishika upande ambao watu walikuwa wanaugusa. Alirudi tena 2005, 2010 akaondoka.

Ahadi: tatu. Usizidishe. Kila moja ianze na kitu ambacho mbunge anakifanya kweli, nitauliza, nitapeleka hoja, nitapinga, nitadai ripoti, nitarudi hapa kila baada ya kikao kuwasomea majibu. "Nitajenga" kaa nayo mbali, labda kama nchi yenu ina mfuko wa jimbo ambao mbunge ana mkono ndani yake, na hata hapo sema kiasi gani na kwa ajili ya nini. Watu sio wajinga, wameahidiwa madaraja hata pasipo na mto.

Maswali magumu ya kitaifa usiyakimbie. Chama chako kimeboronga mahali, utaulizwa. Kodi mpya, utaulizwa. Andika majibu ya maswali kumi unayoyaogopa kuliko yote, sentensi tatu kila moja, mwambie rafiki yako mwenye mdomo mchafu akuhoji. Usilolijua sema "hilo sina jibu, nipe namba yako nitakurudia ndani ya siku mbili", na umrudie kweli, hata kama jibu ni baya. Tulikuwa na kijana kazi yake ni hiyo tu, kurudisha simu, na naamini alituletea kura nyingi kuliko yale magari ya matangazo ambayo yalikula nusu ya hela yetu na kuwaamsha watoto waliolala.

Mikutano ya hadhara inapendeza kwenye picha, ila nyomi haipigi kura kwa niaba yako, wengine wamekuja kwa muziki na kesho wapo kwa mwenzako. Kura inatafutwa mlangoni. Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Yale, Alan Gerber na Donald Green, walilijaribu hili mji wa New Haven, Marekani, 1998, wakawagawa wapiga kura kwa bahati nasibu, wengine wakatembelewa nyumbani, wengine wakapigiwa simu, wengine wakatumiwa vipeperushi, na kutembelewa ana kwa ana ndo kulikotoa watu nyumbani kwenda kupiga kura kwa wingi, vipeperushi kidogo sana, simu hakuna kitu. Nchi yako sio Marekani sawa, ila mlango ni mlango.

Na ukiwa hapo mlangoni OMBA KURA. Kwa mdomo. Utashangaa wangapi wanaeleza sera vizuri, wanashukuru, wanaondoka bila kuomba. Tip O'Neill ambaye baadaye alikuja kuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani alishindwa uchaguzi wake wa kwanza wa baraza la mji 1935 kwa kura chache, na jirani yake waliyejuana toka utotoni akamwambia hukuniomba kura, watu wanapenda kuombwa. Sisi kampeni ya kwanza tulifanya kosa hilohilo kwa familia ya mgombea mwenyewe, shangazi zake wawili hawakwenda kupiga kura, walikuwa wanasubiri waambiwe.

Mpinzani mseme kwa rekodi yake, alipiga kura gani, alihudhuria vikao vingapi, alisema nini kwenye kumbukumbu rasmi za bunge. Usimzushie. Achana na suala la dhambi, kuna sheria, na Uingereza mahakama ya uchaguzi ilishafuta ushindi wa jimbo la Oldham East and Saddleworth wa 2010 kwa sababu mshindi alisambaza uongo kuhusu mwenzake, akapoteza kiti na kufungiwa miaka mitatu. Hela za kugawa na zenyewe hivyohivyo, ukianza kugawa huwezi kuacha, na atakayekufikisha mahakamani ni yuleyule uliyempa akaona kidogo.

La mwisho ni mawakala, na hili nalisema kwa uchungu. Unaweza kufanya yote hayo ukaja kuumbuka siku ya kuhesabu. 1997 jimbo la Winchester hukohuko Uingereza mshindi alipita kwa kura 2, aliyeshindwa akaenda mahakamani kwa sababu kulikuwa na karatasi za kura hazina alama rasmi zikatupwa nje, uchaguzi ukafutwa, wakarudia Novemba mwaka huohuo, na safari hii yuleyule mshindi akapita kwa kura zaidi ya 21,000. Hizo karatasi zilihesabika kama ushahidi kwa sababu kuna watu walikuwa wanaangalia. Wewe kila kituo weka wakala anayejua kusoma fomu, mwenye maji, chakula, chaji ya simu na mtu wa kumpokea usiku, na mwelekeze asisaini matokeo bila kuhesabu mwenyewe na asiondoke bila nakala yake. Kampeni yetu ya pili wakala wa kituo kimoja aliondoka saa moja jioni kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi, na alisaini kabla hajaondoka. Tulipomuuliza kesho yake matokeo yalikuwa ngapi kwa ngapi akasema hakuangalia, alikuwa anawahi gari.