Oili inavuja kwenye kava ya tapeti? Badilisha gasketi, wachana na kupaka silikoni kila mahali

Ukifungua boneti ukakuta oili imeshuka ubavuni mwa injini imeshikana na vumbi jekundu mpaka imekuwa matope meusi, na ukikwama kwenye jam ya Jinja Road hapa Kampala unanusa kitu kinaungua, angalia kwanza kava ya tapeti, ile ya juu kabisa yenye kifuniko cha kuwekea oili. Hiyo harufu ni oili inadondokea ekzosi ikiwa moto. Usiiache hivo, inaweza kuwaka.

Mafundi wengi watakukazia boliti alafu wapake silikoni kwa nje, wiki mbili imerudi. Sheria ya Uganda ya 2018 inazuia kuingiza gari la miaka 15 na kuendelea, lakini hata la miaka 10 gasketi yake, ule mpira wa kuziba kati ya kava na injini, ushapikwa na joto. Toa gasketi ya zamani uikunje kwa vidole, inakatika kama kijiti, wakati mpya inajikunja na kurudi. Sasa hiyo utaikaza mpaka wapi?

Nenda soko la spea la Kisekka na namba ya injini, sio jina la gari tu, maana Toyota Premio ya 1.5 na ya 1.8 hazitumii gasketi moja. Ulizia pia sili za mashimo ya plagi kama zinauzwa kando.

Injini iwe baridi. Pangusa vumbi lote juu ya kava kabla hujafungua chochote, mchanga ukiingia ndani ni hasara kubwa kuliko hiyo oili. Toa koili za plagi kwa spana namba 10, na ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi basi ndio maana gari linakatakata, ikaushe na kitambaa kabla ya kutoa plagi. Chomoa paipu za hewa, fungua boliti ukianzia nje kuja katikati, kava ikigoma igonge taratibu na mpini wa nyundo, usichokonoe na bisibisi maana hiyo ni aluminiamu, ukiikwaruza umejitengenezea njia nyingine ya oili.

Usafi ndio kazi yenyewe. Futa mfereji wa gasketi na uso wa silinda hedi, pale kava inapokaa, mpaka kitambaa kitoke kikavu, silikoni ya zamani ibandue na kipande cha plastiki. Gasketi mpya ya mpira inakaa kavu. Silikoni weka kidogo tu pale kona mbili kava ya taiming, ile inayofunika cheni, inapokutana na silinda hedi, kwa injini zenye hiyo kava, ikizidi inamenyekea ndani na kwenda kuziba chujio la oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kaza kidogo kidogo kuanzia katikati, kwa Toyota nyingi ndogo ni kama Nm 10 tu, yaani nguvu ya kiganja, sio ya bega. Kabla hujafunga boneti chomoa vali ya PCV, ile inayotoa presha ndani ya injini, uitikise, isipolia iko imeziba, na presha itasukuma oili nje hata gasketi ikiwa mpya.

Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, cheki dipstiki, washa, endesha siku moja alafu pitisha kidole ukingoni. Ukikuta bado pana unyevu usiongeze kukaza, funua tena uangalie zile kona mbili.